Imefungwa, Si Mbovu

Ujumbe wa kaka huja usiku, baada ya isha, wateja wakishaondoka. Kwanza kiungo cha habari, kisha sauti yake, na mlio wa feni nyuma yake: "Mwalimu, umeiona hii?"

Kaka yangu ni fundi simu kijijini kwetu Pemba. Mimi nafundisha baiolojia sekondari hapa Unguja. Tangu alipoanguka mkarafuuni mwaka 2017 akapooza kuanzia kitovuni kwenda chini, tumegawana kazi bila kupangiana: yeye huokota habari za tiba za uti wa mgongo, mimi huzisoma mpaka mwisho nikamwambia zina nini ndani. Nyingi hazina kitu. Safari hii alinitumia habari ya panya waliokatwa uti wa mgongo, wakatiwa dawa puani, wakaanza tena kusogeza miguu ya nyuma. Dawa yenyewe, ilisema habari ile, inanyamazisha jeni.

"Jeni ndiyo hizo mnazofundisha?" akauliza. "Zinanyamazishwaje? Na mimi nitafaa?"

Maswali mawili ya kwanza niliyajibu kwa simu usiku uleule. La tatu lilinichukua wiki tatu na safari ya boti.

Tawi la mkarafuu halipindi kwanza likakupa onyo. Linakatika ghafla, na mchumaji anakwenda nalo. Watu wa Pemba wanalijua hilo tangu utotoni na bado wanapanda, kwa sababu karafuu haingoji: kikonyo kikishachanua ua, bei yake imekwenda. Siku ile nilikuwa likizo nyumbani. Nilikuwa nimekaa na wanawake juu ya jamvi tunachambua, tukasikia tawi, halafu tukasikia mtu. Tulipofika alikuwa macho, ngoe yake bado imening'inia juu, anasema "niinueni, niinueni". Tukamwinua. Tulimbeba kama gunia, wawili makwapani na wawili miguuni, mgongo umepinda katikati, mpaka kwenye gari ya shamba.

Hili nalisema mapema, kabla ya jeni yoyote: mtu aliyeanguka kutoka juu, au aliyerushwa na bodaboda, hakunjwi. Analazwa sawa juu ya mlango au ubao mpana, kichwa na shingo na kiwiliwili vikigeuzwa kwa pamoja, na kama hana hatari nyingine pale alipo ni bora asubiri wanaojua kumbeba. Sijui tulimwongezea kiasi gani cha jeraha kwa mapenzi yetu. Swali hilo nimelibeba miaka yote hii, na sitaki mwingine alibebe.

Picha zilionyesha pingili ya kumi ya kifua imevunjika na kuingia ndani. Daktari alipitisha pamba juu ya ngozi, kisha ncha ya pini, kuanzia begani kushuka chini. Usawa wa kitovu kaka alisema "nasikia". Chini ya hapo hakusema kitu, akawa anatazama dari. Tunasema uti wa mgongo kwa vitu viwili: mifupa ile ya pingili, na ugwe laini unaopita ndani yake kutoka ubongoni, mnene kama kidole cha mwisho cha mkono. Mfupa huunga. Tabu yote iko kwenye ugwe.

Wodi ya kwanza aliyolazwa haikumgeuza. Siku kumi na mbili alilala chali, na siku ya kumi na tatu wifi yangu alipomwosha alikuta juu ya makalio kidonda ambacho ngumi ya mtoto ingeingia. Kaka hakukisikia, angekisikiaje. Kilichukua miezi kumi na moja kufunga. Shirika la Afya Duniani linasema watu zaidi ya milioni 15 wanaishi na jeraha la ugwe wa mgongo, na katika nchi kama zetu wengi hawaondolewi na jeraha lenyewe. Wanaondolewa na vidonda vya kulalia na maambukizo ya mkojo, vitu ambavyo mikono miwili na saa ya ukutani vingeweza kuvizuia.

Sasa nirudi kwenye simu ya usiku ule.

Kaka ni fundi, na fundi huuliza kifundi. "Mimi waya ukikatika naunga kwa risasi. Wao wana mashine za kila namna. Kwa nini hawaungi?" Nikamwambia kwamba uzi wa neva si waya wa shaba. Ni mkono mrefu wa seli moja iliyo hai. Seli yenyewe inakaa ubongoni, na mkono wake unashuka ndani ya ugwe mpaka kiunoni bila kukatika. Ukiukata katikati, kipande cha chini kimetengwa na mwenyewe, hakipati chakula, kinakufa na kusagika ndani ya siku chache. Hakuna ncha ya pili ya kuungia. Kinachotakiwa ni ule mkono uote upya kutoka pale ulipokatwa, ushuke, utafute mahali pake.

Na neva zinaota. Nina ushahidi mkononi. Nikiwa na miaka tisa nilijikata kidole cha shahada nikipaa samaki, ncha yake ikafa ganzi kabisa. Nilikuwa nikiiuma kwa meno kuwaonyesha wenzangu kwamba sisikii. Miezi ikapita, ikaanza kuwasha, kisha kuchoma kama pilipili, kisha ikarudi. Neva za mikono na miguu huota kwa kadiri ya milimita moja kwa siku. Zile za ubongo na ugwe hazioti. Mtaalamu mkubwa wa neva wa Hispania, Santiago Ramón y Cajal, aliandika karibu karne moja iliyopita kwamba njia za neva katika ubongo wa mtu mzima ni kitu kilichokwisha, chaweza kufa na hakiwezi kuzaliwa tena, na madaktari wakaishi na neno hilo kama hukumu.

Mwaka 1981, Montreal, Albert Aguayo na mwenzake Samuel David walifanya jambo ambalo kila nikilisoma nasimama kidogo. Walichukua kipande cha neva ya mguu wa panya wakakitega kama daraja, upande mmoja kwenye shina la ubongo, upande wa pili kwenye ugwe chini. Seli zilezile za ubongo na ugwe, zilizosemwa haziwezi, zikaotesha nyuzi ndani ya daraja lile mpaka karibu milimita 30. Zilipofika mwisho wa daraja na kuingia tena ndani ya ugwe, zikasimama.

Nilipomweleza hili kaka alinyamaza muda. Halafu akasema: "Kwa hiyo si mbovu. Imefungwa."

Nina miaka kumi na minne darasani na sijapata kulieleza vizuri namna hiyo. Kwenye duka lake, simu mbovu ni ile iliyoingia maji, iliyoungua bodi. Iliyofungwa ni nzima, betri nzima, kioo kizima, ila kuna amri ndani yake inayoizuia. Kazi ya fundi ni kuitafuta amri hiyo.

Walioitafuta ni wengi. Martin Schwab, Zurich, alionyesha mwaka 1988 kwamba amri mojawapo iko nje ya uzi, kwenye mafuta meupe yanayoufunika. Ndani ya mafuta hayo mna protini ambayo uzi unaochipua ukiigusa hujikunja na kurudi nyuma. Mwaka 2000 jeni yake ikapatikana, ikaitwa Nogo, yaani usiende. Kuna amri nyingine kwenye kovu linalojengeka pale palipoumia, ambalo lina sukari ndefu zinazonasa nyuzi. Kule London, mwaka 2002, Elizabeth Bradbury na wenzake waliziyeyusha kwa kimeng'enya na panya wao wakapata nafuu. Na kuna amri iliyo ndani ya seli yenyewe. Hiyo ndiyo iliyomhusu panya wa kaka.

Jeni hiyo ya ndani inaitwa PTEN. Kazi yake ni breki. Mtoto akiwa tumboni neva zake zinakimbia kuota. Akikua, breki inakazwa na kuota kunakoma. Mwaka 2008 maabara ya Zhigang He huko Boston iliifuta PTEN kwenye seli za jicho la panya, na neva ya jicho iliyopondwa ikaota. Mwaka 2010 wakafanya hivyo kwa nyuzi za ugwe, zile zinazoshusha amri ya kutembea, nazo zikaota na kupita mahali pa jeraha.

Lakini breki hiyo Mungu hakuiweka bure. PTEN ni miongoni mwa jeni zinazozuia saratani, na katika aina nyingi za uvimbe wa saratani hukutwa imeharibika. Ukiifuta kwa mtu mzima moja kwa moja, umempa miguu kwa mkono mmoja na kwa mkono wa pili hujui umempa nini. Ndipo watu walipogeukia kunyamazisha badala ya kufuta.

Tofauti ya mambo hayo mawili darasani naieleza hivi, na kaka nilimweleza hivyohivyo. Kila seli ina ofisi ya sheha. Ofisini kuna daftari kubwa, halitoki nje. Kazi ikitakiwa kufanyika, karani ananakili amri kutoka daftarini kwenye kikaratasi, tarishi anakipeleka kwa mafundi, mafundi wanajenga protini kama ilivyoandikwa. Daftari ni DNA, kikaratasi ni RNA. Kufuta jeni ni kuchana ukurasa wa daftari, haurudi tena. Kunyamazisha jeni ni kumngoja tarishi njiani na kukichana kikaratasi. Daftari liko salama, karani anaendelea kuandika, ila kwa muda fulani amri ile haiwafikii mafundi. Ukiacha kuchana, amri inarudi.

Seli zenyewe zina desturi hiyo tangu zamani. Mwaka 1990 watafiti wa Marekani walitaka ua la petunia liwe zambarau iliyokolea, wakaliongezea jeni ya rangi. Mengine yakatoka meupe pe. Ua lilikuwa limeinyamazisha jeni ngeni na ya kwake pia. Haikueleweka sawasawa mpaka mwaka 1998, Andrew Fire na Craig Mello walipoonyesha kwa mnyoo mdogo usiofika milimita mbili kwamba RNA yenye nyuzi mbili, ikiingia ndani ya seli, inaipa seli alama ya kikaratasi gani kichanwe. Nobel wakapewa mwaka 2006, miaka minane tu baadaye. Leo mtu anaweza kuagiza maabara vipande vifupi vya RNA, herufi ishirini na moja hivi, vilivyoandikwa kuvizia kikaratasi kimoja na kuviacha vingine vyote.

Ugumu ni kuvifikisha. Kipande kitupu cha RNA kikiingia kwenye damu kinaliwa haraka, na hata kingebaki, ubongo na ugwe vimezungushiwa ukuta wa mishipa ambao hauruhusu kila mgeni. Mwaka 2013 kundi la Boston liliinyamazisha PTEN kwa panya kwa kutumia virusi vilivyotolewa makali kama chombo cha kubebea. Habari aliyoipata kaka ilitokana na utafiti wa Israeli uliochapishwa mwaka 2019, wa maabara za Technion na Chuo Kikuu cha Tel Aviv. Hawa walitumia eksosomu, vifuko vidogo mno ambavyo seli huvitoa na kupelekeana kama vifurushi. Walivichukua kutoka kwa seli shina, yaani seli mama zinazoweza kugeuka seli za aina nyingine, wakavipakia vipande vya kuinyamazisha PTEN, wakavitia puani kwa panya waliokatwa ugwe kabisa. Puani ni karibu na ubongo, na vifuko hivyo vina tabia ya kwenda penye uvimbe na jeraha. Vilifika. Breki ikalegea, nyuzi zikaota, mishipa mipya ya damu ikachipua, na sehemu ya panya wale wakarudisha mwendo.

Kampuni moja imechukua ugunduzi huo, na mwaka 2023 mamlaka ya dawa ya Marekani ikaupa hadhi ya dawa ya maradhi adimu. Kaka aliliona neno hilo, akadhani dawa imepita. Nilimwambia polepole: hadhi hiyo inaipa kampuni nafuu ya ada na ya soko ili ishawishike kuendelea. Hairuhusu mtu yeyote kutibiwa.

Kwa majeraha ya kichwa mambo yako nyuma zaidi, ingawa mantiki ni ileile. Ubongo uliogongwa huvimba ndani ya fuvu lisilotanuka, na uvimbe huo huua seli ambazo pigo liliziacha hai. Kwa panya, kuinyamazisha jeni ya mlango wa maji, akwaporini-4, mara tu baada ya pigo kulipunguza uvimbe huo. Kila nikipita wodi nikaona kijana wa bodaboda amefungwa kichwa, nalikumbuka.

Watu huniuliza kama haya yote si ndoto za maabara. Si ndoto. Dawa ya kwanza ya kunyamazisha jeni kwa njia hii, patisirani, iliruhusiwa Marekani mwaka 2018 kwa maradhi ya kurithi yanayoharibu neva. Mwaka 2023 ikaruhusiwa toferseni, inayochomwa mgongoni, ndani ya maji yanayouzunguka ugwe, kwa wagonjwa wachache wa maradhi ya kudhoofika misuli ambao jeni yao ya SOD1 ina hitilafu. Kwa hiyo sindano ya kwenda kunyamazisha jeni ndani ya ugwe wa mgongo wa binadamu ipo, na iko hospitalini. Yapo pia yaliyoshindikana. Mwaka 2021 jaribio kubwa la tominerseni, kwa maradhi ya Huntington, ya kurithi yanayoharibu ubongo, lilisimamishwa, na waliochomwa mara nyingi zaidi ndio waliokuwa na hali mbaya kuliko waliopewa maji matupu ya kulinganishia.

Na bei. Nusinerseni, dawa ya ukoo huohuo wa vipande vifupi ingawa yenyewe hainyamazishi bali hurekebisha kikaratasi kisomeke vizuri, ilipotoka mwisho wa 2016 iliwekewa dola 750,000 kwa mwaka wa kwanza na 375,000 kila mwaka unaofuata. Mwaka wa kwanza peke yake, kwa shilingi zetu za wakati ule, ni zaidi ya bilioni moja na nusu. Hii ni dawa ya maradhi ya kurithi yanayodhoofisha misuli, ambayo mara nyingi huanza utotoni. Naamini kabisa kwamba vita vya bei vianze kabla dawa za ugwe hazijafika, maana zikifika na bei hiyo, kwa mtu wa Pemba zitakuwa hazijafika.

Lakini nilikuwa nalikimbia swali la tatu, na sababu ninaijua.

Mwaka 2019 kaka alipata tangazo la kliniki moja ya ng'ambo. Seli shina, sindano nne, "asilimia kubwa hutembea". Waliomba picha zake, wakajibu baada ya nusu saa kwamba anafaa sana, wakatuma akaunti ya benki. Kiasi walichotaka kilikuwa ni shamba la baba, mikarafuu yote, na deni juu yake. Kaka alikwisha kuzungumza na mnunuzi. Niliwaandikia wale watu nikawauliza jaribio lao limesajiliwa wapi, matokeo yamechapishwa wapi, nani anasimamia usalama. Wakanijibu kwa video ya mtu anayetembea. Nikasema shamba haliuzwi. Mama alilia. Kaka hakusema nami miezi mitano, na aliporudi kusema hakuligusa jambo hilo, akanitumia kiungo kingine cha habari, "Mwalimu, umeiona hii?" kama kwamba hatukuwahi kuachana. Tangu hapo kila nikimjibu nakuwa na hofu mbili zinazovutana, ya kumpa tumaini lisilo na mizizi, na ya kuwa yule aliyemnyima.

Basi nilikata tiketi ya boti ya Mkoani, kule Pemba. Jibu la namna ile halisemwi kwa ujumbe wa sauti.

Tulikaa barazani kwake alasiri. Yeye kwenye kiti cha magurudumu, simu ya mtu imefunguliwa mgongo mbele yake, bisibisi ndogo kama sindano mkononi. Nikaanza na lile gumu. Jaribio kubwa kuliko yote la kuizima Nogo kwa watu walioumia ugwe lilifanyika Ulaya, likiongozwa kutoka Zurich. Lilitumia kingamwili, yaani linaikamata protini ikiwa imeshajengwa, halimngoji tarishi, lakini shabaha ni ileile. Matokeo yalichapishwa mwishoni mwa 2024. Kwa wagonjwa wote kwa pamoja, dawa haikuzidi maji matupu. Kwa wale ambao jeraha lao halikuwa kamili, waliobakiwa na nyuzi kidogo zinazovuka, palionekana dalili ya nafuu mikononi. Na wote waliopokewa walikuwa wameumia shingoni, siku 4 mpaka 28 kabla.

"Siku," akasema kaka.

"Siku."

"Mimi miaka minane. Na langu ni kamili."

"Ndiyo, kaka."

Hakuacha kazi. Alichomoa skrubu moja, akaiweka kwenye kifuniko cha chupa pamoja na wenzake. Wifi yangu alikuwa mlangoni na kikombe cha chai, akasita asijue aingie au arudi.

Nikamweleza kwa nini siku zina uzito. Jeraha jipya bado lina uvimbe unaoweza kuelekezwa, kovu halijakaza, misuli haijasinyaa, viungo havijakakamaa. Hata eksosomu za yule panya zinavutwa na uvimbe, na uvimbe wa kaka ulikwisha kupoa zamani. Kila mtu anayetengeneza dawa anaanza na majeraha mapya kwa sababu hapo ndipo inapowezekana zaidi kuonyesha kwamba imefanya kazi. Wenye majeraha ya zamani ndio wengi, na ndio wa mwisho kwenye foleni. Nilimwambia kwamba hilo linaniuma na silioni kuwa haki, na kwamba ndivyo lilivyo.

Kisha nikamwambia la pili, ambalo nilikuwa nimelitafuta wiki zile tatu. Mwaka 2015, Hong Kong, watafiti wa maabara ya Kai Liu waliwaacha panya na jeraha la ugwe mwaka mzima bila kuwagusa. Baada ya mwaka ndipo wakaifuta PTEN kwenye seli zao za ubongo. Nyuzi zilizokuwa zimelala mwaka mzima zikaamka, zikaota, zikapita jeraha. Pale waliifuta, hawakuinyamazisha, na sikusoma mahali popote kwamba panya yule alitembea. Kuota ni jambo moja. Kufika mahali sahihi na kushikana na seli sahihi ni jambo jingine kubwa. Ila seli ilikuwa bado inasubiri.

"Panya anaishi miaka mingapi?" akauliza.

"Wa maabara, miwili. Akizidi sana mitatu."

Akaweka bisibisi chini. Kaka alianguka na miaka thelathini na tatu. Nilimwona anapiga hesabu, midomo inacheza kidogo kama anavyofanya akihesabu chenji.

"Basi huyo panya kakaa na lake nusu ya umri," akasema. "Kakaa kuliko mimi."

Sikuwa nimeiona hivyo. Sikumwambia kwamba umri wa panya na wa mtu haupimwi kwa mizani moja, alilijua. Alichukua kikombe kwa wifi, akanywa, akarudi kwenye simu. Baadaye, akiwa anarudishia skrubu, aliuliza kama ikitokea siku moja wakahitaji watu wa majeraha ya zamani, watawachukua wa namna gani. Nikamjibu ninachojua: watachukua wenye ngozi isiyo na kidonda, figo nzima, mapafu mazuri, viungo vinavyokunjika. Akaitikia kwa kichwa, akamwita mwanawe mkubwa aje amnyooshe miguu, jambo ambalo wifi aliniambia alikuwa amelikataa tangu mwezi uliopita.

Usiku nililala chumba cha pili. Saa saba kengele ya simu ililia, nikasikia kitanda, nikaamka nikaenda kusaidia. Tulimgeuza pamoja, wifi mabegani, mimi nyongani, mto katikati ya magoti. Hakuamka kamili. Wifi alichukua taa ya simu na kioo kidogo cha mkononi akaangalia visigino, kisha chini ya mgongo, akapitisha kidole juu ya kovu la zamani, akabonyeza na kusubiri rangi irudi. Ikarudi. Akaweka kengele ya saa tisa.